Pimbi na Sauti ya Wote

Paliondokea Pimbi mmoja, mama wa watoto watatu, aliyekaa juu ya jabali akichungulia maadui. Akimwona Chui, alipiga ukelele, na wanyama wote wa bondeni wakakimbia wakapona. Lakini anayelinda hapati nafasi ya kula, na Pimbi alikonda akabaki mifupa.

Siku moja akamwambia Ngiri, "Ndugu yangu, niletee japo majani machache, nami niendelee kuwalinda."

"Ukelele wako hunifikia hata nisipoleta kitu," Ngiri akajibu. "Mwambie Digidigi."

Digidigi naye akasema, "Ngiri akianza, nitafuata."

Pimbi akaingiwa na uchungu, akaapa: "Kuanzia leo, sauti yangu ni ya wanangu peke yao."

Chui alipokuja tena, Pimbi hakupiga ukelele. Aliwanong'oneza wanawe, "Ingieni pangoni upesi!" Wawili waliokuwa karibu wakaingia. Kitindamimba alikuwa bondeni, akicheza na watoto wa Digidigi, na mnong'ono haukumfikia. Pimbi alipofumbua kinywa kupaza sauti, Chui alikwisha kumkamata mtoto huyo.

Jioni Ngiri akaja hadi chini ya jabali. Pimbi alidhani amekuja kumpa pole.

"Mbona leo hukupiga ukelele?" Ngiri akafoka. "Nusura nife!"

Kulipokucha, Pimbi akapanda tena jabalini kwa ajili ya wale wawili waliobaki. Akalinda na njaa yake, na bonde zima likala likashiba.