Kiatu cha Kushoto

Mchezaji yeyote aliyegongwa kichwa, Bi Sikudhani, daktari wa timu, alimvua kiatu cha kushoto na kukikalia. Alijua ukimwambia mchezaji apumzike atakuitikia vizuri, kisha ukigeuka tu, yuko uwanjani.

Leo alikuwa amekalia cha Mbwiga, mshambuliaji aliyejigonga kwenye mlingoti wa goli. Zilibaki dakika kumi na timu ilikuwa nyuma kwa mabao mawili.

"Dokta, mpe kiatu chake," kocha Makwega alimsihi. "Mzima kabisa huyu."

"Mbwiga, ngapi ngapi?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Tunaongoza," Mbwiga akajibu, akitabasamu.

"Umesikia mwenyewe, kocha."

"Hiyo ni ari tu, Dokta. Mchezaji mwenye ari kama hiyo ndiye nina..."

Hakumaliza. Mpira uliopigwa ovyo ulimtandika kisogoni, akaenda chini na kofia yake. Alipoinuka alijipangusa vumbi, akautazama uwanja kwa kuridhika.

"Kocha, ngapi ngapi?"

"Tunaongoza," alisema kocha.

Bi Sikudhani alijiinua kidogo kwenye benchi, kupisha nafasi ya kiatu cha pili, akanyoosha mkono.