Sauti ya Wakio

Kwenye chuo alichosomea Wakio ughaibuni, kila mwanafunzi alikuwa na nakala ya sauti yake iliyotengenezwa na chuo ili izungumze na wazazi wake. Siku walinzi wa chuo walipovamia sherehe ya chama cha wasichana Weusi na kufunga ukumbi, Wakio, mwenyekiti wao, alimpigia simu mama yake, kule nyumbani Mwatate, kwa hasira.

"Mama, wametufukuza kama mbwa!"

"Mbona sasa hivi umeniambia sherehe imefana?"

"Siyo mimi! Hiyo ni mashine yao!"

"Wakio wangu hafoki hivi. Wewe ni nani?"

Simu ya baba ikalia pale nyumbani, mama akaipokea. Wakio akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa upole, "Mama, usimsikilize huyo."