Chumvi Viooni

Tausi aliunga mpira wa bomba la kunyunyizia mimea kwenye mwanzi wenye brashi, akaosha madirisha ya juu ya ukumbi wa harusi bila kupanda ngazi.

"Yatakauka yenyewe," Tausi alimcheka mwenzake, Rehani, aliyeshika kitambaa. "Kupanguza ni ushamba."

Jua lilipoyakausha, chumvi ya maji ya kisima ilibaki, na vioo vikawa vyeupe kama vilivyopakwa chokaa. Wageni walikuwa njiani.

"Pole, shoga. Maji haya hayafai hata kwa chai," alisema Rehani, akipanda ngazi na kitambaa.

Upole ule ulimchoma Tausi kuliko tusi. Alivua kanga yake mpya, akaichana, akampandishia kipande. Kwenye kioo cha kwanza kilichotakata ulitokea uso wa mama wa bibi harusi, aliyekuwa ndani, ukimtazama Tausi na kanga yake iliyochanwa.