Injini ya Kianjokoma

"Angalia tena," yule mama alisema, na hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Muthamia aliinama tena juu ya pikipiki. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Kianjokoma, na petroli aliyokuwa akisafishia ilizidi kuvimaliza. Hata hivyo hakulalamika. Katika miaka kumi na minane ya ufundi pale Meru mjini, alikuwa ameona watu wazima wakinunua rangi wakidhani wananunua injini, na kila mmoja wao alikuja kumlilia yeye baadaye. Mteja anayesema angalia tena ni mteja wa kuombewa maisha marefu.

Huyu alimjia gereji siku ya Jumatatu, mama wa makamo, mkulima wa viazi kutoka Kibirichia, jina lake Felicitas. Alisema amesikia kuna pikipiki inauzwa Kianjokoma yenye injini ya speshel, naye anataka fundi wa kumwambia kama ni ya kweli au ni feki. Muthamia alimuuliza kama anamnunulia mzee wake. Akasema hapana. Basi ni ya biashara? Mama akamuuliza nauli ya Kianjokoma ni ngapi, na Muthamia akaona si kazi yake kuchimba mambo ya watu. Alichojua ni kwamba mama huyu alikuwa ameuza viazi vya msimu mzima ili aje huku, na maadamu yeye Muthamia yupo, mama hangeondoka na bati lililopakwa rangi.

Injini za speshel zilikuwa chache. Kampuni ilileta mia tatu tu nchini, zenye kava la dhahabu na gia tano badala ya nne, kisha ikaacha. Tangu hapo kila mjanja mwenye kopo la rangi amekuwa na speshel ya kuuza. Na hii ilikuwa imefungwa kwenye chesi ya pikipiki ya kawaida, jambo lililomfanya Muthamia aanze kazi akiwa amekwisha kukunja uso.

Mwenye kuuza, Njoka, alikuwa na kibanda cha spea kuukuu hapo sokoni na maneno mengi ya haraka. Alidai aliinunua kwa mtu wa Embu, ambaye naye aliinunua kwa mtu mwingine. Logbuku, ile hati ya umiliki, eti ilikuwa njiani.

Muthamia alikwaruza kava kwa ncha ya ufunguo. Dhahabu haikubanduka. Aliinua gurudumu la nyuma, akahesabu gia, zikawa tano. Akafungua kava la klachi na kukuta alama ya kiwanda mahali pake hasa.

"Mama, mpaka hapa iko sawa," alisema.

"Wanaweza kuwa wamebadilisha kava peke yake. Na hizo gia."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo tangu asubuhi, haikupanda wala haikushuka. Muthamia alimvulia kofia moyoni. Angezaliwa mwanamume, alifikiri, huyu angemnyang'anya wateja wote.

Ikabaki namba ya injini. Wezi huisugua ya zamani kwa tupa na kugonga yao, na hapo chuma huwa laini kupita kiasi na tarakimu huyumba. Muthamia alipangusa, akaweka karatasi juu ya chuma, akapitisha penseli taratibu mpaka namba ikajitokeza. Tarakimu zilikuwa zimenyooka, kina kimoja, na chuma kilikuwa na chembechembe zake za kiwandani. Akaisoma kwa sauti. Midomo ya Felicitas ilikuwa ikicheza, nayo ilifika mwisho kabla yake. Muthamia alidhani anasali.

"Hiyo haiwezi kuwa ya kuchonga?"

"Hapana."

"Hata tarakimu moja?"

"Hata moja, mama." Alijisikia mwenye furaha, akatamani kumwona huyu mtu akitabasamu japo kidogo. "Hii ni kitu mtu hauzi. Mwenye hii angeuza shamba kwanza."

Njoka alicheka na kuunga mkono upesi, ni kweli kabisa, fundi anajua kazi. Felicitas hakucheka. Aliketi juu ya tairi kuukuu, mikono mapajani, akitazama injini. Muthamia aliingiwa na huruma. Labda ni bei iliyomtisha, akawaza, kwa hiyo akamnong'onezea kwamba wasiwe na haraka, Njoka bado ana mahali pa kushuka. Mama alitikisa kichwa, bei hakuwa ameiuliza.

"Nataka uniambie kama mtu anayeapa," alisema.

"Ni yenyewe. Naapa, mama. Hakuna feki hapa."

Njoka alinyoosha mkono wapatane. Felicitas hakuuona. Aliomba ile karatasi ya penseli, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya sweta. Kisha akatoa simu na kumpigia mumewe kule Kibirichia, akaongea naye kwa Kimeru, polepole, kama mtu anayeagiza chumvi.

"Baba Bundi, nimefika. Ndiyo, nimeiona, ni yake. Mwambie katekista aliondoe jina la Bundi kwenye orodha ya wasafiri wanaoombewa. Jumapili alisome pamoja na marehemu."