Vikombe Bila Kahawa

Wiki nzima Mwanakheri aliwauliza mafundi cherehani kama wangenunua kahawa yake asubuhi, maana muuzaji wa mtaa ule alipita jioni tu. Wote walilisifu wazo lake. Hakumwamini hata mmoja. Watu wana adabu mno.

Leo asubuhi alikuja bila birika, na vikombe sita tu mkononi. Akavigonganisha kama wafanyavyo wauza kahawa. Cherehani zikanyamaza, watu wakatoka.

"Kahawa iko wapi?"

"Sijaipika. Nilitaka kujua kama mtatoka."

Fundi Shomvi, mkali kuliko wote, akampokonya kikombe, akakiweka kando ya cherehani yake. "Hiki hakitoki hapa. Kesho uje ukijaze, na usichelewe!"

Wenzake nao wakanyoosha mikono.

Mwanakheri alirudi nyumbani mikono mitupu, akicheka njia nzima.