Mbio Alizozioga Kiboko

Sikilizeni, na msicheke. Duma alikuwa mtumishi wa Kiboko, bwana mvivu aliyejenga nyumba ya nyasi mbali na mto, kisha akataka aletewe maji ya kuoga. Safari ya kwanza Duma aliikimbia kwa kasi yake yote. Kiboko alipoona, akaamuru kila safari iwe vile vile.

"Bwana, mbio ile ni ya pumzi chache tu," Duma alisema, damu ikimchemka. "Mwili ukishika moto lazima nipunguze, la sivyo nitaanguka."

"Uvivu huo! Mara ya kwanza uliwezaje?"

Duma akameza hasira, akakimbia. Kila alipopunguza mwendo ili apoe, alitukanwa. Ilipofika adhuhuri alikuwa akitweta, miguu ikimtetemeka.

Hapo moto wa nyika ukazuka nyuma ya nyumba.

"Duma! Kimbia mtoni ukawaite tembo waje wauzime!"

Duma alijaribu kuchomoka, magoti yakakataa. Akamgeukia bwana wake, aliyelowa chapachapa.

"Mbio hizo umeshazioga, bwana," alisema, akaondoka akitembea. Paa lilishika moto kabla hajafika mtoni.