Tunaumwa Fizi

Damu ilikuwa kwenye mto tena. Watson aliiona kabla mkewe hajaivua foronya: doa dogo la rangi ya kutu, katikati ya ule mto wao mmoja mrefu. Aida aliikunja foronya, akatoka nayo kwenda kuiloweka.

Watson akabaki ameketi ukingoni mwa kitanda. Mke wake alikuwa anaisha hivi hivi anamwona, na yeye hakuwa na la kufanya.

Yote yalianza baada ya kumzika Tumpale, binti yao wa pekee, masika ya mwaka jana. Kwanza Aida aliacha kwaya ya kanisani. Kisha akaacha kucheka. Kisha ikaja damu hii, na kitandani akawa analala ameelekea ukutani, dirisha wazi, na baridi ya kijiji chao cha Hasamba si ya kuchezea. Ananificha mdomo wake, Watson aliwaza. Maskini, anaona haya hata mbele ya mume wake mwenyewe.

Alijaribu kumlinda kwa njia pekee aliyoiweza, yaani kukaa nyumbani. Zamani alikuwa mtu wa safari za Tunduma mpakani, akipeleka mahindi na kubishana bei na Wazambia mpaka sauti inamkauka. Sasa alikaa barazani kutwa nzima, akimtazama Aida akiteka maji, akipasua kuni, akilima. Kahawa iliiva mpaka ikakaukia mtini. Angeichuma nani, na mwenye mikono ya kuchuma anaumwa?

Chakula nacho kiliharibika. Ugali wa Aida, ule uliokuwa ukisifiwa na majirani, siku hizi ulikuwa kama majivu mdomoni. Watson aliusukuma kando bila kulalamika. Mgonjwa halaumiwi kwa mapishi.

Siku moja mzee wa kanisa, Emanueli, alikuja kuwajulia hali. Aida alileta chai, akaketi kati yao wawili. Hata kikombe hakijafika nusu, Emanueli akakunja pua kidogo, akasogeza kigoda chake mbali, akajifanya anakimbia jua. Watson alimwona vizuri sana. Aliumia kwa ajili ya mkewe. Alitaka kumfukuza mtu yule uani kwake, lakini hata hasira ya kumfanya asimame hakuwa nayo.

Ndipo akaisikia ile simu. Aida alikuwa jikoni, anazungumza na dada yake Ferista, anayeishi Vwawa.

"Tunaumwa fizi, dada. Hatuli, hatulali. Hata mswaki hatutaki kuuona."

Watson nusura atabasamu. Huyo ndiye Aida. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kujua kusema "mimi". Tumpale akipata homa, ilikuwa "tuna homa." Kuku akigoma kutaga, "hatutagi." Na leo ugonjwa unamla kinywani, bado anajificha humo humo.

Alikusanya nguvu zake zote, akaenda mpaka mlango wa jikoni.

"Mama Tumpale, twende kwa daktari."

Aida aliacha mwiko sufuriani. "Kweli, baba Tumpale? Utakwenda?"

"Nitakwenda. Siwezi kuendelea kukuona hivi."

Aida akajifunika uso kwa kanga, akalia mpaka mboga ikaungua.

Kesho yake walipanda bodaboda. Aida alimweka Watson katikati, mwenyewe akakaa nyuma na kumshika kiuno kwa mikono yote miwili. Watson aliridhika. Angalau angemkinga na upepo.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo, Erica, mwenye sauti ya upole. Aliwaamkia wote wawili shikamoo, akawaonyesha pa kukaa. Watson aliketi alipoelekezwa. Aliogopa kuambiwa kwamba wamechelewa. Aida hakuketi. Alisimama pembeni, akaeleza yote: msiba, usingizi, chakula, damu, harufu. Aliongea kwa "tu" mwanzo mpaka mwisho, na daktari hakumkatiza.

"Huzuni ya namna hii, isiyoondoka, inaitwa sonona," Erica alisema. "Mtu akiwa nayo anajiacha. Mswaki unamshinda, chakula kinamshinda. Mwili nao unachoka kupigana na vijidudu, fizi zinavimba, zinatoa damu. Kinywa kikianza kunuka, watu wanamkwepa, naye anazidi kuzama. Hivi viwili vinalishana. Kwa hiyo tutasafisha fizi, na pia kuna mwenzangu hapa ambaye kazi yake ni kuzungumza na watu wenye majonzi. Tutatibu vyote viwili pamoja."

Watson alihisi machozi yakimshuka. Kila neno la binti huyu alikuwa ameliona kwa macho yake, barazani pale, mwaka mzima, na hakuwahi kuwa na jina la kuliita.

"Daktari, nakuomba," alisema. "Nimebaki na huyu tu. Akienda na huyu, mimi nimekwisha. Atapona?"

Erica alimtazama Aida. Aida aliitikia kwa kichwa, midomo ikimcheza.

"Tukianza leo, kuna kupona," daktari alisema. Akavaa glavu, akaivuta ile taa kubwa, ikamulika usoni mwa Watson.

"Haya, baba. Egemea nyuma, ufungue mdomo."